Zana za Mkono za Kubadili Tairi la Pikipiki

Kwetu Goziba mvuvi haondoki mwaloni bila vitu vitatu: kafi ya akiba, kopo la kukumbia maji, na spana ya kufungulia plagi ya injini. Hata kama ziwa limetulia kama maji ya mtungini, vitu hivyo vimo ndani ya mtumbwi. Mtoto akisahau kopo, hurudishwa nyumbani mbio kulileta, na safari hungoja. Hapana aulizaye sababu, maana kila mtu ajua ya kuwa ziwani hapana fundi.

Lakini tukivuka bara mambo hubadilika. Mwenye pikipiki hutoka asubuhi na ufunguo wake na fedha ya petroli, basi. Barabara zetu nyingi zipandazo kutoka ziwani kwenda vijijini ni za changarawe, na kando ya mialo zimejaa misumari iliyoanguka kwa waunda mitumbwi. Huko nako hapana fundi kila mahali. Kwa nini basi tusichukue kafi ya pikipiki?

Nitaeleza jambo lililonifanya niandike somo hili. Katika likizo ya mwaka jana nilikuwa nikirudi nyumbani, nami nilibeba dawa za mama za shinikizo la damu kutoka hospitali. Nilipanda pikipiki ili niwahi mtumbwi wa Goziba. Kabla ya kufika mwaloni, gurudumu la nyuma lilipata pancha. Dereva alikuwa na bisibisi moja na kipande cha nondo. Alikuwa mtu mwenye nguvu, naye alifanya kazi kwa juhudi. Alitoa msumari, akaziba tundu moja, akarudisha tairi, akajaza upepo. Upepo ukatoka. Tulipofungua tena tulikuta matundu mawili mapya, mafupi na yaliyonyooka, yaliyofanywa na bisibisi yake mwenyewe. Akaziba, akarudisha, akatoboa tena. Tulipofika mwaloni tuliuona mtumbwi kwa mbali, mdogo kama jani. Nilingoja siku mbili, na mama alikaa siku mbili bila dawa.

Simlaumu dereva yule. Hakuna aliyemwonyesha. Nilipouliza mafundi wawili watatu, na nilipofungua kitabu changu cha fizikia, niliona ya kuwa kosa lake halikuwa udhaifu wa mikono. Kosa lake lilikuwa kutumia nguvu mahali panapotaka maarifa. Neno la somo hili ndilo hili: tairi halivuliwi kwa nguvu, bali huvuliwa na bonde la ringi, zana kazi yake ni kusaidia tu. Alijuaye neno hili atavua tairi kwa vyuma viwili vidogo, na asiyelijua atatoboa tyubu hata akipewa karakana nzima.

BONDE LA RINGI LILITOKA WAPI?

Mtu wa kwanza kupata hataza ya tairi la upepo alikuwa Robert William Thomson wa Uskoti, mwaka 1845. Siku zile hapakuwa na baiskeli za kulitumia, na jambo lile likasahauliwa. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, alipata hataza ya tairi la namna hiyo baada ya kulijaribu katika baiskeli ya mwanawe yenye magurudumu matatu. Tairi la Dunlop lilikwenda vizuri sana, lakini lilikuwa na shida moja: lilibandikwa juu ya ringi. Likipata pancha, kulibandua ilikuwa kazi kubwa, na kulibandika tena kulihitaji saa nyingi za kungoja gundi ikauke.

Huko Ufaransa, katika mji wa Clermont-Ferrand, ndugu wawili, André na Édouard Michelin, waliona taabu hiyo mwaka 1889, mwendesha baiskeli alipofika katika kiwanda chao na tairi lililotoboka. Wakatafuta njia ya kufanya tairi livuliwe na kuvishwa. Mwaka 1891 walipata hataza yao, na mwaka huohuo Charles Terront alitumia matairi yao akashinda mbio za kutoka Paris hadi Brest na kurudi, mwendo wa kilometa 1,200 hivi.

Lakini tairi tulilo nalo leo katika pikipiki lamkumbusha zaidi Mwingereza mmoja, Charles Kingston Welch. Mwaka 1890 yeye alitia waya ndani ya midomo miwili ya tairi ili isitanuke, na akaifanya ringi iwe na bonde katikati. Waya wafunga na bonde lafungua. Mambo hayo mawili ndiyo siri yote ya kazi yetu.

SEHEMU ZA GURUDUMU

Tazama gurudumu la pikipiki iliyo karibu nawe. Nje kabisa ni tairi. Ndani ya tairi mna tyubu, ambayo ndiyo ishikayo upepo. Tyubu ina valvu itokezayo katika tundu la ringi. Tairi lina midomo miwili, mmoja kila upande, na ndani ya kila mdomo mna waya wa chuma cha pua. Midomo hiyo hukaa juu ya vikalio viwili vya ringi, na kila kikalio kimezuiwa kwa ukuta mdogo kwa nje. Katikati ya vikalio hivyo viwili ringi imeshuka chini pande zote. Hapo ndipo tupaitapo bonde. Mtu aonaye gurudumu likiwa limevaa tairi halioni bonde. Ndiyo sababu wengi hawalijui.

Ubavuni mwa tairi mmeandikwa namba kama 2.75-17 au 3.00-17, au 3.00-18. Namba ya kwanza ni unene wa tairi kwa inchi, na ya pili ni kipenyo cha ringi mahali pa vikalio, pia kwa inchi. Inchi 17 ni karibu milimeta 432. Tairi la 18 halivai ringi ya 17, wala la 17 halivai ya 18, hata ukilipiga nyundo mpaka jua lizame.

HESABU YA WAYA

Sasa tufanye hesabu. Kipenyo cha mdomo wa tairi ni milimeta 432. Tuseme ukuta wa ringi una kimo cha milimeta 14. Basi kipenyo cha ukuta kutoka upande mmoja mpaka wa pili ni 432 + 14 + 14, yaani milimeta 460. Tukitumia 22/7, mzingo wa ukuta wazidi mzingo wa mdomo kwa 28 × 22/7, yaani milimeta 88. Ili tairi litoke kwa nguvu tupu, ingekubidi uvute waya wa chuma cha pua urefuke kwa karibu sentimeta tisa. Hapana mtu mwenye mkono huo.

Lakini tazama litokealo tukitumia bonde. Mdomo ukikaa juu ya kikalio upande wa chini, upande wa juu wahitaji milimeta 14 ili uvuke ukuta. Ukiusukuma mdomo wa chini uingie bondeni, kila milimeta ushukayo huku ni milimeta ipatikanayo kule. Ikiwa bonde lina kina cha milimeta 12, basi zimebaki 2 tu. Milimeta mbili mdomo waweza kuzipata kwa kujipinda kidogo, bila waya kuvutika. Dereva wangu alikuwa akipigania milimeta 14 upande wa juu, na upande wa chini mdomo ulikuwa umekaa juu ya kikalio chake kwa starehe.

ZANA ZENYEWE

Sasa tuzitaje zana moja moja. Hizi zote zaingia katika mfuko mdogo wa turubai chini ya kiti.

Vyuma vya kuvulia tairi. Hivi ni vyuma bapa, viwili au vitatu, vyenye urefu wa sentimeta 25 hadi 30. Ncha yake imepinda kidogo kama kijiko, na kingo zake ni za mviringo, wala hazikati. Vyuma vitatu ni bora kuliko viwili, kwa kuwa kimoja hushika, cha pili hushika, na cha tatu husogea. Ukikosa vya dukani, mhunzi aweza kukukatia katika bapa la springi ya gari iliyokwisha kazi. Kwetu Kagera hatukosi wahunzi, maana ufuaji wa chuma ni kazi ya kale sana katika nchi ya Wahaya. Mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery waliueleza ulimwengu habari za tanuri za kale za upande huu wa ziwa. Mwambie mhunzi mambo mawili: asage kingo mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, na wakati wa kusaga atie chuma katika maji mara kwa mara, kwa sababu joto jingi huondoa ugumu wa springi.

Spana. Nati ya ekseli ya nyuma mara nyingi ni kubwa kuliko nyingine zote, na ya mbele ni ndogo kidogo. Pikipiki hazifanani, basi usinunue kwa kukisia. Jaribu spana katika pikipiki yako nyumbani, kisha zile zilizoingia sawasawa ndizo utakazozitia mfukoni. Iko pia spana ya kupanua na kupunguza, ambayo mafundi wameipa jina nisiloweza kuliandika katika gazeti la shule. Hiyo yafaa kwa dharura, lakini ikilegea hula pembe za nati.

Plaizi. Ni ya kunyoosha na kuchomoa pini ya nati, na ya kung'oa msumari katika tairi.

Ufunguo wa valvu. Ndani ya valvu mna kijisindano kizuiacho upepo. Ufunguo huu mdogo, ambao wakati mwingine umo katika kifuniko cha valvu chenyewe, hukifungua ili upepo wote utoke.

Vitu vya kuzibia. Navyo ni viraka, kichupa cha solusheni, na kipande cha msasa. Solusheni ikifunguliwa hukauka hata kama kifuniko kimefungwa vizuri, kwa hiyo itazame kila baada ya majuma machache.

Pampu. Pampu ya mkono au ya mguu, hata ya baiskeli ikiwa mdomo wake washika valvu yako. Ya baiskeli yachosha, lakini yafikisha.

Sabuni. Kipande cha sabuni ya mche na chupa ndogo ya maji. Wengi huidharau zana hii, nayo ndiyo ya bei ndogo na yenye faida kubwa. Mdomo mkavu hung'ang'ania ringi, na mdomo wenye povu huteleza.

Kitambaa. Ni cha kutandika chini ili nati zisipotee mchangani, na cha kupangusia ndani ya tairi.

Bisibisi haimo katika orodha hii. Nondo pia haimo. Sababu yake nitaieleza sasa hivi.

FIZIKIA YA CHUMA CHA KUVULIA

Chuma cha kuvulia tairi ni wenzo. Egemeo lake ni ukuta wa ringi, mzigo ni mdomo wa tairi, na jitihada ni mkono wako. Chuma kikiwa na urefu wa sentimeta 30, na ncha ikiwa imeingia sentimeta 2 kupita egemeo, mkono uko sentimeta 28 kutoka hapo. Gawanya 28 kwa 2, utapata 14. Ukisukuma kwa nguvu ya nyutoni 100, ncha yasukuma kwa nyutoni 1,400, bila kuhesabu msuguano. Nguvu hiyo ni kama uzito wa watu wawili wazima.

Sasa fikiri nguvu hiyo yakutana na nini. Kanieneo ni nguvu ikigawanywa kwa eneo. Tuseme ncha ya bisibisi ina upana wa milimeta 6 na unene wa milimeta 1. Eneo lake ni milimeta za mraba 6. Nyutoni 1,400 zikigawanywa kwa 6 ni karibu nyutoni 233 katika kila milimeta ya mraba. Ncha ya chuma cha kuvulia ina upana wa milimeta 20, nayo hugusa mpira kwa milimeta 5 hivi. Eneo ni milimeta za mraba 100, na kanieneo ni nyutoni 14 tu. Mkono ni uleule, kazi ni ileile, lakini bisibisi yabana tyubu zaidi ya mara 16. Kisha bisibisi ina pembe kali. Yaani mtu atumiaye bisibisi amejitengenezea patasi, naye aisukuma ndani ya tyubu yake mwenyewe.

JINSI YA KUIFANYA KAZI

1. Pancha ikitokea, shika usukani imara, punguza mwendo taratibu, wala usikanyage kwa ghafula breki ya gurudumu lililoisha upepo. Toka kabisa barabarani. Abiria ashuke na mizigo ishushwe. Weka matawi mabichi nyuma yako ili wenye magari wakuone, na ukimaliza kazi yaondoe.

2. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, mahali pa tambarare na pagumu. Zungusha gurudumu polepole utafute msumari au mwiba. Ukiuona, tia alama kwa chaki au udongo kabla ya kuung'oa. Ikiwa mahali pa tundu pajulikana, pengine huhitaji kutoa gurudumu. Waweza kufungua mdomo wa upande mmoja tu, kuvuta sehemu ile ya tyubu, kuiziba na kuirudisha.

3. Ikiwa ni lazima kutoa gurudumu la nyuma, fungua nati ya waya au fimbo ya breki, kisha nati ya mkono uzuiao breki isizunguke, kisha nati ya ekseli. Chomoa ekseli. Panga vipande juu ya kitambaa kwa utaratibu uleule uliovitoa, kwa sababu vile vibomba vidogo vya pembeni hugeuzwa na kukosewa mara nyingi. Katika pikipiki nyingine gia ya nyuma hubaki mahali pake na mnyororo wake; katika nyingine sogeza gurudumu mbele ili uvue mnyororo kwanza.

4. Toa kijisindano cha valvu, na fungua nati iishikayo valvu katika ringi. Bonyeza tairi mpaka upepo uishe.

5. Bandua midomo kutoka katika vikalio. Lala gurudumu chini juu ya kitambaa, upande wa breki usiumie, na kanyaga ubavu wa tairi kwa kisigino, karibu na ringi, ukizunguka pande zote. Kisha geuza ufanye upande wa pili. Ukisikia mlio mdogo wa kukata, mdomo umeshuka. Usiendelee kabla midomo yote miwili haijabanduka.

6. Paka povu la sabuni. Anzia karibu na valvu. Piga magoti juu ya tairi upande ulio mkabala na valvu, ili mdomo uingie bondeni na ubaki humo. Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Tia chuma cha kwanza chini ya mdomo, ncha yake ifike kwenye mdomo tu bila kuzama kwenye tyubu, nawe ukilaze nyuma. Tia cha pili umbali wa sentimeta 5 au 6. Ukiona unatumia nguvu nyingi, acha. Usiongeze bomba kwenye chuma ili kiwe kirefu. Tazama upande wa pili. Bila shaka mdomo umepanda kutoka bondeni. Urudishe, kisha endelea kwa hatua fupi fupi.

7. Mdomo mmoja ukitoka wote, sukuma valvu ndani utoe tyubu. Ikiwa unaziba tu, mdomo wa pili uache mahali pake. Ikiwa tairi ni la kubadilishwa, lisimamishe na kutoa mdomo wa pili kwa njia ileile.

8. Jaza tyubu upepo kidogo, uizamishe katika maji au uisogeze karibu na shavu lako ili uhisi upepo. Safisha mahali pa tundu kwa msasa mpaka mng'aro uishe. Paka solusheni nyembamba, eneo kubwa kuliko kiraka. Ngoja dakika tano hivi, mpaka kidole kikigusa hakishiki umajimaji. Hapo ndipo ubandike na kugandamiza. Mwenye haraka hubandika ikiwa mbichi, kisha hurudia kazi. Wakati wa kungoja, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, maana mwiba uliotoboa mara ya kwanza waweza kuwa ungalimo. Usipitishe kidole kitupu.

9. Kabla ya kurudisha, jaza tyubu upepo kidogo, kiasi cha kupata umbo lake la duara bila kuvimba. Tyubu iliyolegea kabisa hujikunja na kukaa chini ya chuma. Tyubu yenye umbo hujitenga na ncha. Ingiza valvu katika tundu lake, nati yake uishike kwa mizunguko miwili tu. Tairi jipya likiwa na mshale ubavuni, mshale huo uelekee upande gurudumu lizungukiako.

10. Kurudisha ni kinyume cha kutoa. Anza mkabala na valvu na umalizie kwenye valvu, kwa kuwa hapo penye valvu mdomo hauwezi kushuka bondeni vizuri. Tumia viganja na magoti mpaka ibaki sehemu ya mwisho, iliyo kama upana wa viganja viwili. Sukuma valvu juu kidogo iingie ndani ya tairi ili mdomo usikalie tyubu. Hakikisha upande uliofanya kwanza umo bondeni. Sehemu ya mwisho ukiimaliza kwa goti bila chuma, umefuzu.

11. Rudisha kijisindano na jaza upepo. Karibu na ukingo wa ringi tairi lina mstari mwembamba uzungukao. Ukiwa na umbali sawa pande zote, midomo imekaa sawa. Usipokuwa sawa, toa upepo, paka povu tena, na jaza upya. Pikipiki nyingi za biashara huandikiwa paundi 25 hivi kwa inchi ya mraba mbele, na 28 hadi 32 nyuma kwa kufuata mzigo. Soma kibandiko au kitabu cha pikipiki yako.

12. Rudisha gurudumu. Mnyororo ucheze sentimeta 2 hadi 3 katikati. Kaza nati zote, rudisha pini, kisha kanyaga breki mara kadhaa kabla ya kupanda. Mtu aliyesahau nati ya breki hatapata nafasi ya kurudia kazi hiyo.

JIZOEZE NYUMBANI

Mvuvi hamfundishi mwanawe kuogelea siku ya tufani. Vivyo hivyo usingoje pancha ya usiku ili ujaribu zana kwa mara ya kwanza. Chagua siku ya mapumziko, chukua gurudumu la zamani kwa fundi wa pancha, uvue na kuvisha mara tatu. Mara ya kwanza utatoa jasho. Mara ya tatu utacheka, maana utaona ya kuwa nguvu ulizotumia ni nusu. Fundi hatakukasirikia, kazi yake ya kuchoma viraka kwa moto yadumu kuliko ya solusheni, nawe ukifika mjini utampelekea tyubu yako aimalizie.

Katika likizo iliyofuata nilisafiri na dereva yuleyule. Nilikuwa na vyuma viwili vya springi katika sanduku langu la shule, nilivyokatiwa na mhunzi na kuvisaga mwenyewe. Tulipata pancha tena, mara hii gurudumu la mbele. Alitoa bisibisi yake. Nilimwomba, "Kaka, leo piga magoti upande wa huku, mimi nitashika huku." Alinitazama kama mtu amtazamaye mtoto, lakini alipiga magoti. Mdomo ulitoka kwa chuma cha pili. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Ebu ninyanyue nilione hilo bonde." Tulilitazama pamoja, tukalipima kwa kidole. Kazi yote ilichukua dakika 40, na mtumbwi tuliukuta ungali umefungwa. Vyuma vile nilimwachia, kwa kuwa yeye apita njia ile kila siku na mimi napita mara chache kwa mwaka.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ringi ina kipenyo cha inchi 18 mahali pa vikalio. Geuza iwe milimeta, kisha tafuta mzingo wa mdomo wa tairi.

2. Chuma kina urefu wa sentimeta 24, na ncha imepita egemeo kwa sentimeta 2. Nguvu ya mkono yaongezwa mara ngapi?

3. Kwa nini twaanza kutoa tairi karibu na valvu, na kwa nini twamalizia hapohapo wakati wa kurudisha?

4. Rafiki yako ameongeza bomba juu ya chuma ili apate nguvu zaidi. Mweleze, bila kumcheka, ni mahali gani pa gurudumu angepaswa kupatazama kwanza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne